Mafuta ya Kuazima

Tarumbeta lililotoka kwenye karakana za Nuremberg katika karne ya 17 lilishikamana kwa nta. Mafundi wa mji huo wa Ujerumani, akina Hainlein, Ehe na Haas, walikunja mabati ya shaba ya manjano kuwa mirija, wakaiingiza mmoja ndani ya mwingine, na maungio yale hawakuyalehemu. Waliyapaka nta ya nyuki. Katikati ya mirija miwili iliyokwenda sambamba waliweka kigogo kidogo cha mti, wakakizungushia kamba ya sufi ili chombo kisilegee mkononi. Mpiga tarumbeta wa jeshi aliyeanguka na farasi na kulilalia tarumbeta lake aliweza kulifungua vipande vipande, kunyoosha palipopinda, kupaka nta upya na kurudi kazini.

Nta ile ilifanya kazi mbili kwa pamoja: ilizuia pumzi isivuje, na iliruhusu mirija itenganishwe siku ya haja. Kila mafuta yaliyowahi kupakwa kwenye slaidi za vyombo vya shaba, yaani mirija inayoteleza mmoja juu ya mwingine, yametakiwa kufanya kazi hizohizo, kuziba na kuteleza, nazo hazipatani vizuri. Kinachoziba sana hukwama. Kinachoteleza sana huvuja, au slaidi huteremka yenyewe mpigaji akiinamisha chombo.

Jambo la ajabu ni kwamba kwa muda mrefu kabisa wapigaji hawakuwa na mafuta yao wenyewe. Waliazima kwa mtengeneza mishumaa, wakaazima jikoni, kwa fundi saa, kwa mfamasia, na mwishowe kwenye meza ya vipodozi. Historia ya grisi ya slaidi inasomeka kama daftari la madeni.

Aliyetaabika kwanza ni mpiga tromboni. Tromboni kongwe kuliko zote zilizobaki zikiwa na tarehe juu yake ilitengenezwa na Erasmus Schnitzer wa Nuremberg mwaka 1551, na imehifadhiwa katika makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum mjini humo. Muundo wake mtu wa leo anautambua mara moja: mirija miwili ya ndani, na mirija miwili ya nje inayopanda na kushuka juu yake kwa urefu wa mkono. Shida ilikuwa msuguano. Hadi katikati ya karne ya 19 mirija ya ndani ilikuwa na unene mmoja toka juu hadi chini, kwa hiyo shaba ilikwaruzana na shaba kwenye urefu wote wa slaidi. Baadaye ndipo mafundi walipoanza kunenepesha ncha za chini tu, sehemu ya sentimita chache, ili mguso ubaki hapo na kwingine kote paachwe nafasi.

Ulaya ya siku za Schnitzer ilikuwa na mafuta ya zeituni, mafuta ya nguruwe, shahamu ya ng'ombe na kondoo, na nta. Yote yanateleza siku ya kwanza. Tatizo linakuja baadaye, kwa sababu mafuta ya wanyama na ya mimea yana tabia mbaya mbele ya shaba. Yakikaa na unyevu wa pumzi huchacha. Yakichacha hutoa asidi. Asidi hiyo hula shaba na kuacha ule uteute wa kijani ambao kila aliyewahi kufungua tarumbeta lililosahaulika kabatini ameuona. Kemia yake ni ileile ya sabuni, ila mahali pa magadi imeingia shaba. Tena shaba yenyewe huharakisha kuchacha, hivyo mafuta yanayokaa salama kwenye chupa huharibika upesi zaidi yakishapakwa kwenye mrija. Yakikauka hugeuka gundi, na slaidi iliyolainishwa Jumapili ikiachwa miezi kadhaa hung'ang'ania kama iliyolehemiwa.

Mpiga tromboni aliweza kuvumilia, kwa kuwa slaidi yake hutembea kila siku na hufutwa kila siku. Balaa kubwa lilisubiri slaidi zinazokaa bila kuguswa.

Slaidi hizo hazikuwepo tangu mwanzo. Kwa karne nyingi aliyetaka kushusha kidogo sauti ya tarumbeta alichomeka vijibomba vifupi kati ya kipulizio na mrija, kimoja au viwili, kadiri sikio lilivyodai. Wapiga honi walitembea na sanduku zima la mirija ya ziada ya urefu mbalimbali. Katikati ya karne ya 18 Anton Joseph Hampel, mpiga honi wa Dresden, akishirikiana na fundi Johann Werner, aliihamisha mirija ya ziada kutoka karibu na mdomo na kuiweka katikati ya mwili wa chombo. Johann Gottfried Haltenhof wa Hanau anatajwa kuwa ndiye aliyeifanya sehemu hiyo ya katikati iwe slaidi ya kurekebishia sauti: kipande chenye umbo la U kinachoingia na kutoka kwenye mirija miwili, kinachosogezwa kabla ya muziki kuanza na kisha kuachwa hapohapo. Kuachwa huko ndiko kunakokaribisha gundi ya kijani.

Mwaka 1814 Heinrich Stölzel, mpiga honi katika bendi ya mwanamfalme wa Pless huko Silesia, alimwandikia mfalme wa Prussia kumweleza juu ya uvumbuzi wake wa vali. Friedrich Blühmel, mwanamuziki wa bendi ya wachimba migodi katika jimbo hilohilo, naye alidai uvumbuzi ni wake. Wakapatana, na tarehe 12 Aprili 1818 walipewa hataza ya pamoja mjini Berlin kwa miaka 10. Mwishoni mwa miaka ya 1830 François Périnet wa Paris alitengeneza pistoni ya aina ambayo matarumbeta mengi bado yanaitumia, na katika miaka ya 1840 Adolphe Sax akajaza bendi za jeshi la Ufaransa vyombo vya vali vya kila ukubwa.

Wanahistoria wa muziki husimulia vali kama ushindi wa noti: chombo kilichokuwa na noti chache za asili kikapata ngazi nzima. Kwa anayeshika kitambaa na chupa ya mafuta, vali ilileta kazi mpya. Kila vali hufungua kijia cha mrija wa ziada, na kila kijia kina slaidi yake. Tarumbeta lililokuwa na slaidi moja likawa na nne. Pistoni, zinazopanda na kushuka mara nyingi katika wimbo mmoja, zinataka mafuta mepesi kama maji. Slaidi kuu, ile ya kurekebishia sauti, inataka grisi nzito itakayoishikilia. Na viwili hivyo viko ndani ya chombo kimoja, umbali wa vidole vichache. Grisi ikitiririka hadi kwenye pistoni, vali inakuwa nzito. Mafuta ya pistoni yakifika kwenye slaidi, yanaosha grisi yote.

Halafu kuna slaidi ya vali ya tatu, ambayo haiko upande huu wala ule. Hesabu yake ni rahisi. Mrija wa tarumbeta la kawaida una urefu wa karibu sentimita 148. Vali ya kwanza hushusha sauti toni moja kwa kuongeza kama sentimita 18. Ya tatu hushusha toni moja na nusu kwa kuongeza kama 28. Ukizibonyeza pamoja unapata sentimita 46, lakini kushuka toni mbili na nusu kutoka kwenye mrija wa asili kunadai karibu sentimita 49 na nusu. Upungufu huo wa sentimita 3 na nusu ndio unaoifanya noti ipae kuliko inavyostahili. Dawa yake ni kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kinachosukuma slaidi ya tatu nje kwa sentimita 1.7 hivi; kwa kuwa ni ya umbo la U, mrija hurefuka mara mbili ya hapo. Msukumo huo hufanyika katikati ya wimbo, kati ya noti na noti, na slaidi hurudishwa kabla msikilizaji hajajua kilichotokea. Grisi nzito hapo ni adui, na mafuta ya pistoni ni mepesi mno. Ndiyo maana mpigaji makini hubeba chupa mbili na kopo moja, na hapo hajawa mpenda makuu.

Kwa sehemu zinazokwenda haraka, karne ya 19 ilikuwa na jibu kutoka baharini. Nyangumi mwenye meno, yule wa kichwa kikubwa cha mraba, alitoa mafuta ambayo kikemia ni aina ya nta ya maji kuliko mafuta ya kula. Hayachachi upesi, wala hayagandi upesi kwenye baridi. Viwanda vya nguo viliyatumia kwenye pia za kusokotea nyuzi. William F. Nye wa New Bedford, Massachusetts, alijenga biashara juu ya mafuta laini zaidi yaliyotolewa kwenye taya za pomboo na nyangumi wadogo, akawauzia mafundi saa na wenye cherehani. Fundi wa vyombo vya muziki wa wakati huo hakuwa na mafuta mepesi bora kuliko hayo.

Meli zilizofuata mafuta hayo zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, bendera ya Marekani ikawa jambo la kawaida bandarini Zanzibar, na wavua nyangumi walitia nanga hapo kuchukua maji, kuni na vyakula. J. Ross Browne, kijana Mmarekani aliyeshuka kwenye meli ya aina hiyo na kukaa kisiwani kwa muda, alichapisha mwaka 1846 kitabu kuhusu safari yake na maisha aliyoyaona Unguja. Picha yake ya mabaharia waliochoka, wenye harufu ya moshi wa masufuria ya kuyeyushia mafuta, inakumbusha kwamba ulaini wa vali za Paris ulikuwa na bei, na aliyeilipa hakuwa mwanamuziki.

Kisha likaja jambo lililobadili kila kitu, nalo lilitoka ardhini. Mwaka 1859 Edwin Drake alichimba kisima cha mafuta Titusville, Pennsylvania. Robert Chesebrough, mkemia wa New York mwenye umri wa miaka 22, ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza mafuta ya taa kutoka mafuta ya nyangumi, aliona biashara yake inakufa, akapanda kwenda kujionea. Huko aliwakuta wachimbaji wakilalamikia uchafu mzito kama nta ulioganda kwenye fimbo za pampu na kuzikwamisha. Wachimbaji haohao walikuwa wakiupaka kwenye mikato na majeraha ya moto. Chesebrough alibeba uchafu ule, akautakasa kwa miaka, na mwaka 1872 akapata hataza ya kitu alichokiita Vaseline. Anasimuliwa kwamba alizunguka akijichoma ngozi mbele ya watu ili aonyeshe jinsi jeli yake inavyoponya. Alikufa mwaka 1933 akiwa na miaka 96.

Kilichowahusu wapiga shaba hakikuwa majeraha. Jeli hiyo haina asidi za mafuta ndani yake, kwa hiyo haichachi na haiili shaba. Kwa mara ya kwanza slaidi kuu iliweza kupakwa, kusahauliwa mwaka mzima na kuvutwa bila koleo. Visima vilevile vikatoa pia mafuta mepesi ya pistoni: mengi ya mafuta ya vali yanayouzwa hadi leo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa, yakiwa yamesafishwa na kuondolewa harufu. Nyangumi aliachiwa saa na mashine nyeti kwa muda mrefu zaidi, hadi Marekani ilipopiga marufuku uingizaji wa mafuta yake mwaka 1970, na marufuku ya kimataifa ya uvuvi wa kibiashara ilipoanza kutekelezwa mwaka 1986.

Hata hivyo jeli ya petroli ina udhaifu wake. Inalainika mapema kwenye joto, na maji ya pumzi huisukuma taratibu. Mrithi wake alipatikana kwenye mgongo wa kondoo.

Uingereza ya kaskazini ndiko bendi za shaba zilikokuwa ugonjwa wa mji mzima. Mashindano ya Belle Vue mjini Manchester yalianza mwaka 1853, na wapigaji walikuwa wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda. Bendi mashuhuri kuliko zote, Black Dyke, ilichukuliwa mwaka 1855 na kiwanda cha nguo za sufi cha John Foster huko Queensbury, jirani na Bradford. Sasa sufi mbichi hujaa mafuta ya ngozi ya kondoo, na kabla ya kusokotwa lazima ioshwe. Mafuta yale yaliishia kwenye mifereji, na Bradford, wakati huo mji mkuu wa sufi duniani, ilihangaika na maji taka mazito hadi halmashauri yake ikaanza kuyakamua mafuta hayo kwenye mtambo wa Esholt na kuyauza. Huko Ujerumani, Oscar Liebreich na Otto Braun walikuwa wamekwisha kupata hataza, mwaka 1882, ya njia ya kuyasafisha. Ndiyo lanolini.

Lanolini ni nta zaidi ya mafuta. Haichachi kirahisi, inanata, na inaweza kumeza maji karibu mara mbili ya uzito wake bila kuachia chuma ilichoshika. Kwa slaidi kuu, ambako matone ya pumzi hukusanyika usiku kucha, sifa hizo hazina mpinzani, na kopo la grisi ya slaidi linalouzwa leo kwenye duka la vyombo lina uwezekano mkubwa wa kuwa na lanolini ndani yake. Kuna kichekesho hapo: wafumaji wa Queensbury walipuliza pembe zao huku grisi bora ya pembe hizo ikipita kwenye mfereji chini ya kiwanda.

Wapiga tromboni walikwenda njia nyingine kabisa. Wao wanahitaji wepesi usiokauka, na waliupata kwenye krimu baridi, ile krimu nyeupe ya kuondolea vipodozi usoni. Asili yake hunasibishwa na Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma: nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Katika Marekani ya karne ya 20 jina lililotawala lilikuwa Pond's, kampuni iliyotokana na dawa aliyoianzisha Theron Pond huko Utica, New York, mwaka 1846.

Matumizi yake yana ustadi. Mpigaji huchukua krimu kidogo sana kwa ncha ya kidole, akaipaka kwenye zile ncha nene za mirija ya ndani, akasukuma slaidi mara kadhaa, kisha akafuta ziada yote hadi ionekane kama hakuna kitu. Baada ya hapo hunyunyizia maji kutoka kwenye chupa ndogo ya kupulizia. Maji hayawezi kulowesha utando ule. Hujikunja kuwa vijitone, na mirija ya nje hupanda juu ya vijitone hivyo. Anayelainisha kwa kweli ni maji, krimu ni kitanda chake. Anayetazama okestra kwa makini humwona mpiga tromboni, wakati vinanda vinaimba peke yao, akiinyunyizia slaidi yake bila haya.

Mwaka 1955 kampuni ya Chesebrough iliungana na ya Pond's, na mwaka 1987 zote zikamezwa na Unilever. Hivyo mafuta mawili mashuhuri ya kuazima ya wapiga shaba yakawa mali ya mwenye duka mmoja, ambaye hakuna dalili kwamba aliwahi kuwafikiria. Kiwanda cha vipodozi hubadili viungo kwa ajili ya ngozi na harufu. Slaidi haimo kwenye hesabu. Kila krimu ilipobadilika, wapigaji wa zamani walilalamika na kusaka makopo ya zamani.

Shaba iliingia Afrika Mashariki kwa milango kadhaa. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake mwishoni mwa karne ya 19, wapigaji wengi wakiwa Wagoa. Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875 karibu na Mombasa, kilikuwa na bendi ya shaba. Wajerumani walileta bendi za askari. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka kwenye kanisa ambalo vikundi vyake vya tromboni vilianzia Herrnhut katika karne ya 18, na hadi leo tarumbeta ni sauti ya kawaida katika sharika za Kimoraviani na za Kilutheri nchini Tanzania. Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka 1921, na bendi zake.

Kutokana na gwaride za bendi hizo vijana wa pwani walizua beni, ngoma ya mashindano, sare na vyeo, iliyoenea kutoka Lamu na Mombasa hadi bara. Vyama viwili vya beni vilivyoshindana, Marini na Arinoti, vilipigana vijembe mitaani, na Vita Kuu ya Kwanza ikavisambaza pamoja na askari. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975. Lakini kadiri beni ilivyokwenda mbali na bandari, shaba ilipungua. Pembeni mwa Ziwa Nyasa, katika mganda na malipenga, vijana walitengeneza pembe zao kwa vibuyu vyenye utando mwembamba unaotetema mtu akivumisha sauti ndani yake. Gwaride likabaki, vyeo vikabaki, hata mavazi meupe yakabaki. Shaba ni ghali, na baada ya kuinunua kuna vali za kutia mafuta na slaidi za kufungua. Kibuyu hakidai lolote kati ya hayo.

Waliobaki na shaba walibaki pia na hali ya hewa. Chombo kilichosanifiwa kwa ukumbi wa Leeds kina mambo mengine kikiwa Tanga mwezi wa Februari. Hewa yenye joto hupandisha sauti, kwa hivyo slaidi kuu huvutwa nje zaidi ya ilivyozoea, na sehemu ya mrija isiyowahi kupakwa huwa wazi kwa chumvi ya bahari na jasho. Bendi za Uingereza, zile za Jeshi la Wokovu zikiwamo, zilizidisha taabu: zilitumia kipimo cha juu cha sauti, karibu robo toni juu ya kile cha okestra, hadi miaka ya 1960. Zilipokubali kushuka, vyombo vingi vilirefushwa kwa kubadilishiwa slaidi.

Mafuta ya mgando, kama jeli ya Chesebrough inavyoitwa madukani Tanzania, yanapatikana kila genge, na kwa slaidi kuu yanafaa kuliko vitu vingi vya bei kubwa mara kumi. Ila tarumbeta likiachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, jeli huyeyuka, hushuka kwenye mirija na kukutwa jioni imeganda kwenye pistoni, saa moja kabla ya harusi. Mafuta ya nazi yanashawishi zaidi, kwa kuwa yako jikoni. Huganda chini ya nyuzi 24 na juu ya hapo ni maji. Pwani yatateleza vizuri, lakini ni mafuta ya mmea, na baada ya muda yatadai haki yake kwenye shaba kama yalivyofanya mafuta ya zeituni ya Nuremberg. Mafuta ya taa yanalainisha pistoni kwa muda mfupi, kisha yanakauka.

Slaidi iliyokwama haivutwi kwa koleo. Fundi hudondoshea mafuta yanayopenya kwenye mzunguko wa maungio, mafuta ya taa yakiwa mojawapo, akaacha usiku mzima. Asubuhi hupasha mrija wa nje joto kidogo ili utanuke, akapitisha kitambaa kigumu kwenye kona ya U, akakishika ncha zote mbili na kukitingisha kwa mkupuo, huku mwenzake ameshika mwili wa chombo. Slaidi ya vali haivutwi hata kidogo kabla vali yake haijabonyezwa, la sivyo ombwe huivuta ndani. Inapotoka, mrija wa ndani huonekana umefunikwa na rangi ya majani ya mchicha. Hufutwa kwa siki iliyopunguzwa makali na maji, husuuzwa, hukaushwa, ndipo hupakwa.

Siku hizi maduka yana mafuta ya maabara, yamepangwa kwa uzito: mepesi kwa pistoni mpya, mazito kiasi kwa pistoni zilizolika, mazito zaidi kwa slaidi ya kwanza na ya tatu, grisi kwa slaidi kuu. Hata hayo si ya wanamuziki tangu asili. Mengi ni ya ukoo wa mafuta ya sintetiki yaliyoingia kwenye injini za magari ya kawaida katika miaka ya 1970. Yanadumu, hayanuki, na chupa moja ndogo ina bei inayomfanya mpiga matarumbeta wa mtaani afikirie mara mbili.

Ndiyo maana wapo mafundi wanaochanganya wenyewe. Hununua lanolini safi famasi, hudondoshea oili mpya ya injini, hukoroga kwa kijiti kwenye kifuniko cha chupa na kupaka. Kisha slaidi huingizwa na chombo husimamishwa wima, vali ikiwa imebonyezwa. Ya tatu ikishuka taratibu kwa uzito wake, mchanganyiko unaitosha. Slaidi kuu ikisogea hata kidogo, kijiti kinarudi kwenye lanolini.